Nilivyochorwa Nikiutazama Ubao

Mchoraji akija pwani kwetu Nungwi kumchora fundi wa vyombo, jambo la kwanza analolitaka ni tezo, zana yetu ya kuchongea mbao, iwe juu. Anataka mkono ulionyanyuka, msuli uliosimama, jasho linalong'aa na bahari nyuma ya kichwa. Wengi hupiga picha kwa simu, wakaenda nayo, na baada ya muda unaikuta imetundikwa dukani Mji Mkongwe: fundi asiyejulikana ni nani, anapiga kitu kisichojulikana ni nini, jua linazama. Sina ugomvi na wanaozichora. Ni riziki yao, na mgeni anayezinunua anapata anachokitaka. Lakini nimekuwa nikijenga mashua na majahazi tangu nilipokuwa kijana wa kushikilia mbao, na nimekaa mbele ya mchoraji mmoja mpaka kazi yake ikamalizika, na mambo niliyojifunza pale ningependa wachoraji wayasikie, na mafundi wenzangu pia.

Aliyenichora ni binti wa Ng'ambo, mwalimu wa kuchora, ambaye kwa upande wa mama ana asili ya Tumbatu. Alikuja na salamu za jamaa tunaofahamiana, akaamkia, akakaa chini ya mvinje, na siku ile hakutoa hata penseli. Wakati wa kuondoka akauliza kama anaweza kuja tena. Nikamwambia pwani haina mlango. Akawa anakuja kila anapopata nafasi, kusi likiwa linavuma, mpaka vijana wangu wakamzoea na kuacha kujiweka sawa kila anapoinua macho. Aliniita Ami, nami nikamwita mwanangu.

Kabla hajaanza tulipatana malipo. Hili nalitanguliza makusudi kwa sababu wengi wanaona haya kulitaja. Fundi anayesimamishwa achorwe anapoteza saa za kazi, na mwenye chombo anangojea chombo chake. Binti huyu alilisema mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba muda wangu una thamani kama wake, na tangu hapo nikawa na moyo wa kumweleza kila alichouliza. Mashua iliyokuwa kwenye magogo wakati ule ilikuwa ya mvuvi wa Mkokotoni. Mkuku, ule mti mrefu wa chini kabisa, ulikuwa umelazwa, omo ya mbele na fashini ya nyuma zimesimama, mbao za chini zimeshashika, na mimi nilikuwa kwenye ule ubao unaopanda kuelekea omo, ambao ndio wenye inda kuliko zote kwa sababu unapinda na huku unajisokota.

Naye alianza kama wengine. "Ami, nyanyua tezo, halafu usitikisike." Nikanyanyua kwa heshima yake. Lakini tezo haikai hewani. Ukiishikilia juu, bega linakaza, kifundo cha mkono kinageuka, vidole vinabana mpini, na mtu anayetazama anaona mwanamume aliyebeba chuma, haoni fundi. Nikamwambia aweke penseli kwanza, aje asimame karibu, upande wa kushoto ambako vibanzi haviruki, atazame miguu yangu kabla ya kutazama mikono.

Tezo si shoka. Shoka unalitupa mbali nawe, tezo unaivuta ije kwako. Ubao nimeulaza juu ya magogo mawili, wayo wa kulia umeukanyaga, vidole vimechungulia ukingoni, na bapa linashuka kuelekea vidole vyenyewe, linapita chini yake kwa upana wa wanda. Nguvu ni ndogo sana. Uzito wa chuma ndio unaofanya kazi, mkono unaongoza tu, na tezo haipandi kupita goti, ikizidi sana kiuno. Ule mkono uliopanda juu ya kichwa kwenye picha za dukani ungekata mguu wa mtu siku ya kwanza. Pigo likienda sawa, kibanzi kinanyanyuka chembamba kama ganda la kitunguu, kinajikunja, kinaanguka mchangani. Likienda kinyume na nyuzi za mti, ubao unanyofoka na unausikia kabla hujauona: mlio unakuwa mzito, butu. Karibu na fundo mlio unapanda. Vijana wanaojifunza nawaambia wafumbe macho wasikilize fundi mwingine akichonga, kwa sababu sikio linawahi.

Basi akakaa akatazama. Baada ya muda mrefu akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza. "Ami, mbona unasimama mara nyingi hivi? Unapiga kidogo, unasimama. Unapiga, unasimama. Umechoka?"

Nikamwambia sijachoka, naangalia.

Hapo nikalazimika kueleza kitu ambacho maishani mwangu sikuwahi kukitia maneno. Ubao wa mashua hauchongwi kwa mchoro. Hatuna karatasi. Tuna dhiraa, tuna shubiri, tuna kamba ya kupigia mstari, lakini umbo lenyewe liko machoni. Ubao unatakiwa uukalie ule wa chini yake bila kuacha mwanya mahali popote, na ule wa chini haukunyooka, umepinda na kujisokota kufuata mwili wa chombo. Kwa hiyo mimi husugua makaa kwenye ukingo wa ubao uliokwisha kushika, nikaegesha huu mpya juu yake, vijana wakaubana kwa kamba na kabari, kisha tukaushusha. Palipogusana panatoka weusi. Pale penye weusi ndipo penye nyama ya ziada, ndipo pa kuchonga. Unachonga, unaegesha tena, unashusha, weusi unaongezeka urefu, mpaka siku ukingo wote unatoka mweusi kutoka mwanzo hadi mwisho. Kati ya kuegesha na kuchonga kuna kuchuchumaa, kufumba jicho moja, kuweka shavu karibu na ubao na kuutazama kwa urefu wake, kutoka ncha mpaka ncha. Uamuzi wote wa kazi uko hapo. Ukishaamua, mkono unatekeleza tu, na hata kijana wangu wa mwaka wa pili anaweza kuutekeleza.

Na kuangalia kunaanza mbali zaidi ya pale pwani. Mataruma ya chombo, zile mbavu zinazokaa ndani, hayapindwi. Yanatafutwa yaliyopinda kwa maumbile. Fundi anakwenda kwenye mti uliosimama, anauzunguka, anatazama tawi linavyotoka kwenye shina, na palepale anajua tawi hili litakaa wapi kwenye mashua. Mlilana wa mikokoni unatoa mbavu nzuri. Siku hizi mikoko inalindwa, na ni haki ilindwe, haikatwi bila kibali. Kwa hiyo unapokipata kibali huna ruhusa ya kukosea mti. Mzee aliyenifundisha alikuwa akipita chini ya mwembe wa mtu, akasimama, akatazama juu, akasema, "Taruma la tatu kutoka fashini hilo," kisha akaendelea na safari yake.

Binti yule aliandika haya yote kwenye daftari lake la michoro, pembeni ya picha za miguu yangu. Siku nyingine akaja na simu, akanionyesha picha za Mholanzi, Vincent van Gogh, ambaye nilikuwa nimemsikia kwa jina la alizeti tu. Akanieleza kwamba Desemba 1883 mtu huyu alirudi kukaa na wazazi wake kijiji cha Nuenen, Brabant, ambako baba yake alikuwa mchungaji, na mwaka uliofuata alitumia miezi mingi kuwachora wafumaji wa nguo waliokuwa wakifanya kazi majumbani mwao kwa kipato kidogo. Aliwachora kwa rangi za mafuta, kwa wino, kwa rangi za maji, mara nyingi tu.

Nilizitazama zile picha kwa muda mrefu kwenye kioo kile kidogo, nikizikuza kwa vidole. Mtambo wa kufumia ni mkubwa kuliko mtu. Umejaa fremu nzima, maboriti meusi mazito, na mfumaji yuko ndani yake, kiwiliwili tu na mikono. Kwenye mtambo mmoja mwaka 1730 umechongwa kwenye mti. Kwa hiyo alipouchora ulikuwa umeshapita zaidi ya miaka 150 na watu bado wanapata mkate wao humo. Mimi si mjuzi wa sanaa, lakini ufundi naujua, na nilijua mara moja kwamba aliyechora pale alikuwa amekaa na mtambo ule mpaka akajua kila boriti inashika nini. Ukimpa fundi seremala picha ile anaweza kukwambia nguvu inatoka wapi inakwenda wapi. Wako wanaolalamika kwamba mtu amezidiwa na mtambo. Mimi naona kasema kweli. Chombo ukikijenga kinakuwa kikubwa kuliko wewe tangu siku mkuku unapolazwa, na unaishi ndani yake kwa miezi.

Alinitajia pia Sam Ntiro, Mchaga wa Machame, aliyesomea Makerere kisha London, na baada ya uhuru wa 1961 akawa Balozi wa kwanza wa Tanganyika kule Uingereza. Mchoro wake wa 1956, wa wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, uko kwenye Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa New York. Watu wa Ntiro wako wengi pamoja, kila mmoja na lake, hakuna anayejitokeza kuwa shujaa. Nikamwambia binti: huyo ndiye angefaa kuja siku ya kushua, kukiingiza chombo majini. Siku ya kushua chombo hakuna fundi. Kuna dua, kuna chakula, kuna kamba ndefu na kijiji kizima, kuna anayeongoza wimbo na wanaoitikia, na chombo kinakwenda majini kwa hatua ndogondogo kwa mabega ya watu ambao wengine hata hawaijui tezo. Mchoraji mmoja anafaa kwa ubao, mwingine kwa kushua, na si vizuri kumlazimisha yeyote kwenye jambo la mwenzake.

Mwisho akaamua. Hatanichora nikichonga. Atanichora nikiangalia: nimechuchumaa kwenye ncha ya ubao, jicho moja limefumba, kiganja kimelala juu ya mti, tezo imeegemea gogo karibu na mguu. Vijana wawili nyuma wamesimama na kamba mikononi, wananingojea. Mashua iko kushoto, ubavu wake uko wazi pale ambapo ubao huu utakaa. Bahari inaonekana kidogo tu, kipande chembamba kati ya makuti ya banda na mgongo wa kijana mmoja, kwa sababu kwa kweli ukiwa kazini bahari huioni.

Turubai alilitandaza na kulipaka mwenyewe, lakini fremu nilimtengenezea mimi kwa mabaki ya mninga. Nilimwona akipanga rangi zake kwa utaratibu nikafurahi; zana zake zilikuwa safi kuliko za vijana wangu. Nilichokiona kwa mshangao ni kwamba naye hufanya kama mimi. Anapaka kidogo, anarudi nyuma hatua kadhaa, anafumba jicho moja, anatazama. Watoto wa kijiji waliokuwa wakimzunguka walimuuliza kama jicho linamuuma.

Picha ilipokamilika akaileta hadharani, tukaiegesha kwenye ubavu wa mashua ileile, ambayo wakati huo ilikuwa imeshafungwa mbao zote. Watu wakaja. Maneno yakawa mengi. Jirani yangu mmoja, mvuvi, alisema waziwazi kwamba binti ameniharibia: "Fundi gani huyu amekaa? Wageni watasema Wanungwi wavivu." Wengine wakamuunga mkono. Mmoja wa vijana wangu, yule aliyemo kwenye picha, alitaka angalau tezo iwe mkononi. Nilimjibu jirani yangu kwamba yeye mwenyewe anapokuwa baharini, kabla ya kutupa nyavu, anasimama kwenye omo anatazama maji. Mchoraji akitaka kumchora mvuvi, na amchore hapo. Hakukubali siku ile. Bado tunabishana, na ni mabishano mazuri, kwa sababu ndani yake watu wanasema kwa sauti kazi zao zilivyo.

Aliyenipa moyo ni mzee aliyenifundisha. Macho yake sasa ni hafifu, hatoki sana, kwa hiyo tuliichukua picha mpaka barazani kwake. Akaomba isogezwe karibu na mlango penye mwanga. Hakuitazama sura yangu. Aliinama akatazama chini, mchangani, kwenye vibanzi. Binti alikuwa amevichora kama alivyoviona: upande wa kushoto vikubwa, vizito, vimevunjikavunjika, katikati rundo la vidogo vilivyokatika ovyo, upande wa kulia, karibu na miguu yangu, vyembamba vilivyojikunja. Mzee akapitisha kidole juu ya turubai bila kuligusa, kutoka kushoto kwenda kulia, akasema, "Hapa ulikuwa unapunguza unene. Hapa ulikutana na fundo likakusumbua. Hapa ushalivuka, unamalizia." Kisha akageuka kwa binti. "Kaenda hivyo, au umebuni?"

"Kaenda hivyo, Babu."

"Basi umechora kazi," akasema, na akaagiza watu waletewe kahawa.

Nimelifikiria neno lake mara nyingi. Binti hakujua kwamba vibanzi vinasomeka. Hakuna aliyemwambia. Alivichora kwa sababu vilikuwepo, na alikuwa amejizoeza kutopuuza kilichopo. Angeujaza mchanga kwa vibanzi vya kubuni, vyote vya sura moja ili kupendezesha, mtu wa kawaida asingetambua chochote, na mzee angenyamaza kwa adabu.

Uaminifu wa namna hiyo una uzito mkubwa kuliko watu wanavyodhani, na sisi wa pwani tunao ushahidi. Mababu zetu walikuwa na mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za nazi, tanga lake la mkeka. Mitepe ilitoweka kabla sisi hatujazaliwa. Ilipofika 2003 ukajengwa mmoja hapa Zanzibar, ukawekwa Beit al-Ajaib, lile jumba la makumbusho la Mji Mkongwe, na waliojenga iliwabidi wategemee picha za zamani, vielelezo vidogo vilivyochongwa na maandishi ya waliowahi kuiona. Fikiria thamani ya mchoro wowote wa zamani ambao mchoraji wake alijali kuonyesha kamba inaingia tundu lipi na kutokea lipi, na hasara ya mchoro ambao mwenyewe alijali rangi ya machweo tu. Halafu Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib ikaporomoka, na mtepe ule ulikuwa humo ndani. Niliposikia habari ile nilikaa kimya siku nzima. Chombo kinaweza kupotea mara mbili.

Mashua zetu za misumari hazijatoweka, lakini sitadanganya kwamba ziko vilevile. Mbao nzuri zinatoka bara na bei inapanda. Waendesha watalii wengi wanataka boti za faiba, na mtoto wa fundi akipata kazi hotelini haji tena pwani na tezo. Simlaumu. Nami pia ninatengeneza za faiba zinapokuja, maana nina watu wa kulisha. Lakini nisingependa fundi wa Nungwi achorwe kwa majonzi, kama mtu anayeagwa. Ndiyo maana niliridhika na picha ile: mtu yuko kazini, ana chombo cha watu cha kukimaliza, vijana wake wanangoja neno lake.

Kuna mambo mawili alifanya ambayo ningependa kila mchoraji wa namna hii ayafanye. Nyuma ya turubai aliandika: mahali, msimu, aina ya chombo, ubao ulikuwa wa mti gani na unakaa wapi, na jina langu kamili na la vijana wawili, kwa herufi kubwa sawa na jina lake. Picha nyingi za mafundi wa Afrika zina jina la mchoraji pekee. Aliyechorwa anabaki "mvuvi", "mhunzi", "mfinyanzi". Mtu ambaye ujuzi wake ndio sababu ya picha kuwepo hastahili kuachwa bila jina. La pili, aliniletea nakala iliyochapishwa vizuri, nimeiweka bandani ndani ya nailoni.

Nakala ile ninaitumia. Kwa mila yetu mwanafunzi haelezwi sana. Anaambiwa "tazama", basi, na anayeweza kutazama anakuwa fundi. Sasa kijana mpya akija, kabla sijampa hata nyundo, namkalisha mbele ya picha namuuliza: huyu anaangalia nini? Wengi wanajibu, "Anaangalia ubao." Nawaambia watazame tena, wafuate jicho. Jicho haliko kwenye ubao. Linapita juu ya ukingo wa ubao kwenda kwenye ule uwazi wa ubavu wa mashua. Fundi pale anaangalia mahali ubao utakapokaa. Anayeling'amua hili mwenyewe, bila kuambiwa, namweka karibu yangu. Kisha namchuchumaza kwenye ncha ya ubao halisi, namfumbisha jicho, na namwambia aniwekee alama ya makaa anapodhani pamezidi, nami naweka yangu upande wa chini asikoiona. Tunageuza ubao tunalinganisha. Mwanzoni alama zinapishana kwa shubiri nzima. Zinasogeleana polepole, na siku zinapokutana namkabidhi tezo. Zamani walikuwa wanaipata mapema zaidi, wakijifunzia kuona kwa kuharibu mbao. Kwa bei ya mbao za leo, makaa ni rahisi.

Binti ameomba arudi kuchora tena, na safari hii nimemwambia asihangaike na mimi. Aje tutakapofikia kalafati. Hiyo ni kazi ambayo sijawahi kuiona imechorwa kama inavyostahili, labda kwa sababu haina mkao wa kupendeza: mtu amelala chali chini ya chombo, uso uko shubiri moja kutoka kwenye mbao, anasokomeza pamba iliyolowana mafuta kwenye mshono kwa patasi butu na nyundo, mshono baada ya mshono, kutwa. Kabla yake kuna misumari. Kila msumari tundu lake limetobolewa kwanza kwa keke, na chini ya kichwa chake umeviringwa uzi wa pamba wenye mafuta ili maji yasipate njia. Haya ni mambo madogo yasiyoonekana chombo kikishakamilika, na chombo kinaelea kwa ajili yake. Nimemwambia aje na nguo asizozionea uchungu, maana mafuta yanadondoka usoni na kifuani. Alale nasi kule chini, achore akiwa amelala, kwa sababu anayesimama pembeni ataona miguu tu. Na rangi ya deheni aitafute mapema. Ni chokaa na shahamu, tunaipaka chini ya mstari wa maji kwa mikono mitupu. Ikiwa mbichi ina manjano kidogo ndani yake, ikikauka inafifia, na ningependa aichore ikiwa mbichi.